Kibao Kilichoruka Nyumba ya Nane

Kwa miaka thelathini na sita kibao cha mtaa hakikupita nyumbani kwa Nakaura Isoe. Kilitoka kwetu, nyumba ya saba, kikaenda moja kwa moja nyumba ya tisa kwa Masuno. Kibao chenyewe si kitu cha maana: kipande cha mbao nyembamba chenye kibanio cha chuma, kimeshika karatasi ya matangazo ya mwezi. Siku ya kuzibua mitaro. Nani amefariki. Lori la takataka litapita lini. Chini ya karatasi kuna visanduku, kimoja kwa kila nyumba. Ukishasoma unagonga muhuri wako katika kisanduku chako, unampelekea jirani mkononi, mnaulizana habari kidogo, basi. Kisanduku cha nane kilikuwa kimepigwa mstari kwa rula. Mstari huo aliupiga baba yangu.

Mama ndiye aliyekuwa akikipeleka. Ili kufika kwa Masuno ilimbidi apite mbele ya mlango wa Isoe, na mara nyingi Isoe alikuwa amekaa pale pale kizingitini akinoa chuma chake cha kubandulia konokono wa baharini. Mama alikuwa akikigeuza kibao, maandishi yaangalie tumbo lake, kama mtu anayeficha chakula asije akaombwa.

"Usijisumbue kukificha," Isoe alimwambia siku moja. "Kusoma najua. Ila sisomi uchafu."

Mama akaongeza mwendo. Kumjibu kulikuwa kumekatazwa.

Kwetu Ushirohama, kijiji cha wavuvi, wanaozamia ni wanawake. Isoe alianza akiwa na miaka kumi na minne, bila mtungi wa hewa wala kitu chochote ila kifua chake, na alipofika thelathini hakukuwa na mwingine aliyeshuka chini kama yeye. Alikuwa akibandua awabi, wale konokono wapana wanaong'ang'ania mwamba kana kwamba wamepigwa misumari, na akiibuka alitoa pumzi kwa mluzi kama wazamiaji wote, lakini wake ulikuwa mfupi na mkali. Baba alipenda kusema kwamba hata pumzi ya yule mwanamke ina hasira.

Sitaki kumpamba. Hakuwa mtu wa kupendeza. Hakuazimisha kitu, hata kiberiti. Msichana mmoja aliyeolewa kutoka bara alipojaribu kuzamia mara ya kwanza, Isoe alimwambia mbele ya wote, "Wewe unashuka kama gunia la mchele, na unapanda mtupu kama gunia hilo hilo." Msichana yule alilia siku mbili. Mumewe Isoe, Unokichi, alikufa baharini kamba ya nyavu ilipokatika, Isoe akiwa na miaka thelathini na mmoja. Mtoto hawakujaliwa. Unokichi alimwachia nyumba, nafasi yake katika ushirika wa wavuvi, na muhuri mweusi wa pembe ya nyati uliokuwa na pengo dogo ukingoni, kwa sababu baba yake Unokichi aliwahi kuuangusha kwenye jiwe.

Muhuri huo ndio uliomponza.

Mtu anaweza kukana mwandiko wake. Muhuri wake hawezi kuukana. Kwa hiyo watu wa sehemu nyingine huuficha kabatini pamoja na hati za nyumba. Sisi hatukufanya hivyo. Awabi lazima wapimwe na kusafirishwa kabla ya adhuhuri wakiwa hai, na kila stakabadhi lazima igongwe muhuri wa aliyewaleta. Wanawake walitoka majini wakitetemeka, mikono inachuruzika, karatasi zinalowa na wino unatapakaa. Basi, tangu enzi za karani aliyemtangulia baba, kila mwanachama aliacha muhuri wake ofisini, ndani ya droo yenye matundu sitini na manne, kila tundu na jina lake, na karani akawa anawagongea. Nilipokwenda kusoma chuo mjini nikawasimulia wenzangu jambo hilo, waliniuliza kama kijiji kizima kilikuwa na akili timamu. Sikuwahi kulitazama hivyo. Kumwachia karani muhuri lilikuwa jambo la kila siku, kama kuvua viatu mlangoni.

Siku Isoe alipoukabidhi wake, kulikuwa na foleni. "Gonga tu, Karani," alimwambia baba. "Usiwe unaniita kila mara nije hapa na makamasi yangu." Masuno, aliyekuwa nyuma yake, alicheka kwa sauti. Sentensi hiyo aliikumbuka, na miaka mingi baadaye aliirudia mbele ya hakimu neno kwa neno.

Kampuni ya umeme ilipokuja nilikuwa na miaka saba. Wanaume wenye kofia za njano walipita nyumba kwa nyumba wakigawa taulo na maboksi ya maandazi ya kunde, wakainama chini sana hata ukaona visogo vyao. Waliwapakia watu kwenye basi wakawapeleka kutazama kinu cha nyuklia cha mkoa mwingine, na baada ya kukitazama wakawalaza kwenye nyumba ya wageni yenye chemchemi za maji moto. Watu walirudi wakiisifu chemchemi. Walichokitaka watu wa kampuni ni Ghuba Ndogo, ambako bomba lingemwaga maji yaliyopozea kinu walichotaka kukijenga kwetu. Ghuba ilikuwa ya ushirika, na ili iuzwe walihitajika theluthi mbili ya wanachama. Katika sitini na wanne, ni arobaini na watatu.

Mama alikuwa akizamia na kina Isoe wakati ule, na mazungumzo ya kibandani, pale wanapoota moto kati ya mzamio na mzamio, alinisimulia yeye.

"Wanasema maji yatakuwa na uvuguvugu," alisema mmoja. "Tutazamia kama tunaoga."

"Utaoga na nani, na yule wa kofia ya njano?" Isoe alimuuliza. "Nimeona ulivyompokea taulo. Ulikaribia kuvua nguo ili ulijaribu."

"Dada Isoe, kwani wewe hukupokea?"

"Nimepokea. Nimemfutia paka miguu."

Masuno alikuwa kando yake, kama siku zote. Mahali pao pawili penye joto zaidi hapakukaliwa na mtu mwingine. "Mimi na wewe, Isoe," alisema. "Mpaka mwisho. Siuzi."

"Mwisho wako nauona hapo puani unachuruzika. Jifute." Wakacheka wote wawili. Mama alisema hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona wanacheka pamoja.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa shule, mwezi wa kumi. Isoe alisimama kabla hajaitwa.

"Hapana. Andika hapana, Karani, na uiandike kubwa."

Mwenyekiti wa ushirika, Kuroiwa, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Mama Nakaura, tafadhali keti. Kura si kelele. Kura ni karatasi, na karatasi za ridhaa zimeshakusanywa nyumba kwa nyumba."

"Kwangu hazikufika."

"Keti, mama."

Zikahesabiwa hapo hapo. Arobaini na tatu. Kesho yake asubuhi orodha ilibandikwa ukutani mwa ofisi, majina na mihuri, kama sheria inavyotaka. Masuno ndiye aliyeisoma kwanza kati ya waliokataa. Alisoma mpaka namba thelathini na moja, akasimama. Kisha akamngoja Isoe afike.

"Isoe. Hili pengo ni la nani?"

Isoe aliinama akatazama. "Sijagonga mimi."

"Sikukuuliza nani amegonga. Nimekuuliza pengo ni la nani."

"Ni langu."

"Basi." Masuno alifunga kitambaa chake kichwani upya, taratibu. "Kumbe jana ulikuwa unapiga kelele ili tusiusikie muhuri ukigongwa."

Isoe aliingia ofisini. Baba alikuwa mezani. Waliosimama nje walisikia yote, na kila mmoja alikuja kuyasimulia kwa namna yake, ila maneno haya yako katika masimulizi yote.

"Karani, nitazame."

"Nakutazama, mama."

"Hunitazami, unatazama kidevu changu. Toka nje uwaambie hawa nani amegonga."

"Muhuri ni wako."

"Najua ni wangu, nimeolewa nao. Nani amegonga?"

"Ulisema mwenyewe nigonge."

"Awabi! Nilisema ugonge awabi!"

"Hukusema awabi," baba alisema. "Ulisema, gonga tu."

Alidai arudishiwe muhuri wake. Baba alisema ufunguo wa droo uko kwa Mwenyekiti. Na Mwenyekiti siku hiyo alikuwa amesafiri.

Kuanzia hapo Isoe alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani: baba yangu asimame mbele ya watu aseme kwamba yeye ndiye aliyegonga. Hakutaka fidia, wala hakuigusa. Ghuba nayo, sidhani kama aliamini kwamba ingerudi. Alitaka maneno hayo yatoke kinywani mwa aliyeyameza. Alishtaki. Kesi ilichukua miaka miwili, na kwa miaka miwili kampuni ilizuia malipo ya kijiji kizima. Mwishowe hakimu akasema muhuri ni halali, mwenyewe aliuacha kwa hiari, na kuna shahidi aliyemsikia akitoa ruhusa.

Kwa hiyo waliouza walimchukia kwa kuwacheleweshea malipo, na waliokataa walimchukia kwa kuwasaliti. Kikaitishwa kikao cha mtaa, akatengwa. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo pande zote mbili zilikubaliana tangu kampuni ije. Kutenga kwetu kuna sheria zake. Hakuna salamu, hakuna kibao, hakuna harusi wala sherehe wala kusaidiana kazi. Vinabaki viwili tu, moto na maziko, kwa sababu moto wa mmoja huunguza wote na maiti ya mmoja hunukia wote. Kibandani hawakumfukuza. Walikaa wakazunguka moto, bega kwa bega, bila kuacha nafasi. Isoe akawa anawasha moto wake mwenyewe ufukweni, nje, kwenye upepo.

Kinu kilijengwa. Niliyaona majengo yale meupe yakipanda nyuma ya kilima nikiwa shuleni, na siku ya kukiwasha tulipewa bendera za karatasi. Mwenyekiti alimfanya baba meneja wa ushirika. Ada yangu ya chuo ilitoka humo. Sijapata namna ya kuliondoa hilo katika maisha ya Isoe, kwa hiyo nimeliacha hapa lilipo.

Mwaka mpya wa kwanza baada ya kinu kuwashwa, kampuni ilimpa kila mkazi boksi la zawadi, na baba akachukua la Isoe kumpelekea. Nadhani alitaka kuona kama mlango utafunguka. Ulifunguka. Isoe alitoka na bakuli la chumvi, akaitupa juu yake kwa viganja, mara tatu, kama tunavyofanya kuondoa nuksi mgeni mbaya akishatoka. Tofauti ni kwamba yeye hakungoja atoke. Baba alirudi na chumvi kwenye nywele. Mama alimvua koti akalikung'utia uani.

Yaliyofuata yalikuwa miaka tu. Mwani wa karibu na bomba ulikufa. Wakaja samaki wa rangi rangi ambao hatukuwa na majina yao, wanaopenda maji ya uvuguvugu, na watalii wakaja kuwapiga picha. Awabi wakawa wembamba, kisha wachache, kisha wakawa hadithi. Wanawake mmoja mmoja wakaacha kuzamia wakaenda kufagia na kupika kantini ya kinu. Masuno alifanya kazi huko miaka kumi na tisa, yeye aliyesema hauzi. Isoe alizamia nje ya rasi, kwenye mkondo mbaya, peke yake, jambo ambalo mzamiaji hatakiwi kulifanya.

Mwaka mmoja kimbunga kiliangusha waya juu ya paa lake, likashika moto. Wakaja. Walipanga mstari kutoka kisimani, ndoo mkono kwa mkono, Masuno akiwa katikati ya mstari. Walizima, wakahakikisha hakuna kaa lililobaki, wakachukua ndoo zao wakaondoka. Nusu saa nzima hakuna aliyemwambia hata pole. Isoe alisimama barabarani na nguo zake zilizolowa akawaambia migongoni mwao, "Ndoo moja imebaki. Ni ya nani?" Hakuna aliyegeuka. Ndoo hiyo ilikaa mbele ya mlango wake mpaka ikaoza kitako.

Kisha ukaja mwaka wa tetemeko kuu la kaskazini, lililoharibu kinu cha huko kikavujisha sumu baharini. Vinu vya nchi vilizimwa kimoja baada ya kingine, na chetu nacho. Kantini ikafungwa. Watu waliokuwa wamekipigia makofi wakaanza kusema kwamba wao tangu mwanzo hawakukipenda. Mtu fulani akatoa nakala ya ile orodha ya zamani, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakaisoma na kugundua kwamba ilipita kwa kura moja kamili. Na pengo lilikuwa pale pale, namba thelathini na moja.

Nilikuwepo dukani siku Masuno alipomkuta Isoe kwenye foleni ya tofu, ile jibini ya soya. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumuuguza baba. Mama alikuwa ameshatangulia.

"Wajukuu wangu wanaogopa kula samaki," Masuno alisema. Hakumwangalia, alikuwa anaiambia mizani. "Wanauliza ni nani aliuza. Ningekuwa na aibu ningekuwa nimehama."

"Umefagia kinu miaka kumi na tisa," Isoe alisema, naye akiiambia mizani. "Hukukifagia kikaisha?"

"Mimi nilifagia. Wewe ulikileta."

Muuza duka alimpa Masuno tofu yake. Zamu ya Isoe ilipofika, alisema imekwisha. Ilikuwa imejaa kwenye beseni, inaelea, sote tukiitazama.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia baba. Alikuwa amelala kwenye godoro karibu na mlango wa bustani, figo zimeshakataa kazi. Akanituma kabatini. Nyuma ya vitabu vya ushirika kulikuwa na pakiti ya majani ya chai, na ndani yake muhuri mweusi.

"Walikuwa arobaini na wawili," alisema. "Mwenyekiti alisimama mlangoni kwangu akasema, hesabu tena. Nikahesabu tena. Akasema, hesabu tena. Mara ya tatu ndipo nikaelewa anataka nini."

"Kwa nini yeye, baba?"

"Wengine walikuwa na waume. Wana watoto wa kiume, wana shemeji. Wangekuja kunivunjia madirisha. Yeye angekuja peke yake."

"Na alikuja."

"Alikuja peke yake," baba alisema.

Nikauchukua muhuri nikaenda nyumba ya nane. Sikuwahi kupiga hodi kwenye mlango ule. Isoe alikuwa na miaka sabini na minane, masikio yake yameharibiwa na maji, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya juu na mtaa mzima ungeweza kusikia.

"Shangazi, nimekuletea kitu chako."

"Binti wa Karani." Aliutazama muhuri kiganjani mwangu bila kuugusa. "Amekutuma?"

"Amenieleza yote."

"Amekueleza wewe. Mimi najua, na wewe sasa unajua. Yeye akifa tutabaki wawili, na tulikuwa wawili tangu mwanzo, mimi na yeye. Hesabu haijaongezeka."

"Anaumwa sana, shangazi. Hawezi kusimama."

"Mdomo unasimama?"

Nilimnyooshea muhuri tena.

"Siutaki huo," alisema. "Nikiuchukua kimyakimya itakuwa tumemaliza, si ndiyo? Ndivyo mnavyotaka ninyi. Mrudie mwambie awaite watu godoroni. Watakuja, wanampenda. Mwambie ana haraka kuliko mimi."

Nilimwambia. Baba aligeuza uso kuelekea ukutani. "Nimeishi na watu hawa," alisema. "Niache nife nao." Nilimsihi siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu alikufa asubuhi, wakati namchemshia uji, bila kusema.

Maziko ni moja ya yale mawili, kwa hiyo Isoe alikuja. Alivaa kimono nyeusi yenye harufu ya dawa ya nondo, akafukiza ubani wake, akaiinamishia picha ya baba kichwa kidogo tu, kiasi cha kutosheleza desturi, akaenda kukaa safu ya mwisho. Viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu. Mlangoni alikuwa amepewa mfuko mdogo wa shukrani kama kila mtu, na ndani yake pakiti ya chumvi ya kujinyunyizia ukifika nyumbani. Mbele kabisa, kwenye kiti cha magurudumu, alikuwepo Kuroiwa, mwenye miaka tisini, bado mnene, bado mpole.

Jeneza likishafungwa, mkubwa wa wafiwa hushukuru. Maneno yake yanajulikana: asanteni kwa kuacha kazi zenu, marehemu aliwapenda, endeleeni kutupenda sisi tuliobaki. Mtu hawezi kukosea. Nilikuwa nimeyaandika kwenye kadi, na muhuri nilikuwa nao ndani ya mkanda wa kimono. Nilisoma kadi mpaka mwisho. Watu wakaanza kuinama.

"Kuna neno moja la baba ambalo hakuwahi kulisema," nilisema. "Karatasi za ridhaa zilikuwa arobaini na mbili. Ya Nakaura Isoe aliijaza baba na kuigonga baba. Yeye hakujua. Muhuri huu hapa."

Nimesoma kwamba katika nyakati kama hizo huwa kunatokea kelele. Hapakuwa na kelele. Walikuwa wameinama nusu, na wengi walibaki hivyo hivyo, hawajui wanyooke au waendelee.

"Mtoto amechanganyikiwa kwa msiba," Kuroiwa alisema polepole. "Tumwache apumzike."

"Miaka mingapi amelala nao huo muhuri?" sauti ya mwanamume iliuliza nyuma.

Mwingine akamjibu, "Leo si siku yake. Unamvuaje mzee nguo akiwa ndani ya jeneza?"

"Ungemvua lini, wewe?" Hii ilikuwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. Isoe alikuwa anakuja mbele, katikati ya viti, na watu wakivuta miguu yao. Alifika kwangu. Nilimpa muhuri kwa mikono miwili. Aliuchukua, akapitisha ukucha kwenye lile pengo, akautia kifuani mwa kimono. Kisha akatoa pakiti ya chumvi kwenye mfuko wake akaniwekea kiganjani.

"Hii bakini nayo," alisema. "Nyumba yenu ni kubwa, itahitaji mbili."

Akaondoka bila kumwinamishia mtu kichwa. Masuno alikuwa safu ya tatu, kitambaa mdomoni, na Isoe alimpita kama anavyopita nguzo.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake watu walikwenda kumwomba radhi. Hawakwenda. Mtu uliyemtenga kwa haki unaweza siku moja kumsamehe, lakini uliyemtenga bure unamwogopa. Walianza kumkwepa hata wale waliokuwa wakipita karibu naye kwa kiburi. Na mimi sikusalimiwa dukani. Tofu ilikuwa ikiisha kila nilipofika. Mtu aliandika kwa chaki ukutani petu kwamba mwenye kumtukana baba yake aliye maiti hana kwao. Niliifuta. Ikaandikwa tena.

Mwezi uliofuata kibao kilifika kwangu kutoka nyumba ya sita, kimeachwa juu ya sanduku la barua. Kisanduku cha nane kilikuwa na mstari wake wa rula kama kawaida; mtu wa ofisi ya mtaa alikuwa ameendelea kuunakili kila mwezi bila kujua kwa nini. Niligonga wangu. Nikachukua kalamu, pembeni ya kisanduku cha nane nikachora kingine kitupu, nikaandika namba nane. Nikakipeleka mlango wa pili.

Isoe alisoma karatasi yote, mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari. "Mitaro Jumapili," alisema. "Na mimi nitazibua?"

"Imeandikwa nyumba zote, shangazi."

Aligonga. Pengo lilitokea wazi. Kisha akavaa ndara akatoka na kibao, akaenda nyumba ya tisa, na mimi nikabaki kizingitini kwake, maana sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka.

"Masuno! Kibao."

Sauti ikatoka ndani: "Weka chini."

"Siweki chini. Kibao hupokewa mkononi."

"Nina kazi."

"Huna kazi, kantini imefungwa. Fungua."

Alikuwa amekinyoosha mbele yake kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Hakuishusha. Sijui ilipita dakika ngapi. Dirisha la nyumba ya kumi lilifunguka kidogo, kisha la kumi na moja.

Mlango ukasogea upana wa bega. Masuno alikuwa amevaa aproni, uso mwekundu. Alinyoosha mkono mmoja. Isoe hakuachia. Masuno akanyoosha na wa pili, akakishika, akataka kufunga mlango, lakini Isoe alikuwa ameshaweka mguu wake juu ya reli ya mlango.

"Gonga hapa hapa. Nione."

"Isoe, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Leta muhuri."

Masuno aliingia, akarudi nao. Aliegemeza kibao ukutani, akatafuta kisanduku chake, na macho yalikuwa yamemjaa hata akawa anainama kukiona.

"Taratibu," Isoe alimwambia. "Usije ukagonga cha mtu mwingine."